Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Mwaka jana niliteleza kwenye mawe ya pwani hapa kwetu Kizingo, nikavunjika mkono wa kulia. Nikafungwa plasta wiki sita, na mtihani uko mlangoni. Nilijua basi, yangu yamekwisha. Mwalimu wetu wa Fizikia hakunipa pole nyingi. Alinihadithia habari za fundi mmoja wa darubini, nami naona si vyema kula peke yangu.

Fundi huyo akiitwa Bernhard Schmidt. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1879 katika kisiwa kidogo cha Naissaar, nchini Estonia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Alikuwa mtoto wa kisiwani kama sisi wa Mvita, tena mtundu ajabu. Alipokuwa na miaka 15 alishindilia baruti katika bomba ati aone itakuwaje. Likalipuka, akapoteza mkono wa kulia.

Je, alikaa kitako akalia? Hata! Alijifunza kusugua vioo vya darubini kwa mkono mmoja uliosalia. Alikwenda Ujerumani, akafungua karakana mjini Mittweida, na vioo vyake vikasifiwa na wataalamu wa nyota. Mwaka 1926 akaanza kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Hamburg.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye kazi. Darubini kubwa hukusanya nuru kwa kioo kilichobonyea kama bakuli. Bonyeo likiwa la mviringo kama kipande cha mpira, nuru inayopiga ukingoni haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, na picha nzima inaingia ukungu. Ukilibadilisha umbo kidogo, nyota za katikati ya picha zinatoka safi kama ncha ya sindano, lakini za pembeni zinaota mikia! Kwa hivyo mpiga picha alifaidi kipande kidogo tu cha mbingu.

Mwaka 1929 Schmidt alisafiri na mwenzake, Walter Baade, hadi Ufilipino kutazama kupatwa kwa jua. Walipokuwa melini alimweleza dawa aliyoifikiria. Kioo kiachwe na mviringo wake, kisha mbele yake liwekwe bamba jembamba la kioo cha kupitisha nuru, liipinde nuru kidogo kabla haijafika. Kosa la huku lifute kosa la huku.

Lakini bamba hilo lilitaka umbo gumu mno kulisugua. Schmidt akafanya hila. Aliliweka juu ya chombo, akanyonya hewa ya chini yake, bamba likabonyea. Akalisugua likiwa vivyo hivyo. Hewa iliporudi, bamba likajinyoosha, na kumbe lile umbo gumu limejitokeza lenyewe! Mwaka 1930 kamera ilikuwa tayari, tundu lake la kuingizia nuru lina upana wa sentimita 36. Nyota za pembeni zikatoka safi kama za katikati.

Linaloniuma ni kwamba alipokuwa hai ni wachache waliojali. Alifariki Hamburg tarehe 1 Desemba 1935. Mwaka 1948 kamera kubwa ya namna yake ilianza kazi katika mlima Palomar, Marekani, ikaja kupiga picha za mbingu yote ya kaskazini. Hata chombo cha angani cha Kepler, kilichorushwa mwaka 2009 na kugundua sayari zaidi ya elfu mbili zinazozunguka nyota nyingine, kilitumia hila yake. Mwenyewe hakuyaona hayo.

Basi mtihani niliuandika kwa mkono wa kushoto, hati kama kuku kaparura. Sikuwa wa kwanza, lakini niliandika. Siku hizi nikipita karibu na mnara wa taa magharibi, nyota zikianza kuchomoza juu ya bahari, namkumbuka yule mtoto wa kisiwani. Ewe mwenzangu uliyevunjikiwa na koleo, usiizime tanuri.