Sauti Aliyoiacha Mtoto wa Unguja

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nimekaa kwa fundi mmoja wa redio hapa Eldoret, nikinywa kahawa kuipunguza baridi, mara redio ikatangaza wimbo mpya wa bendi ya Queen. Kijana wa fundi aliniuliza mwimbaji ni nani. Nikamjibu kuwa ni mzaliwa wa Unguja, tena amefariki tangu 1991. Akacheka, akataka kujua vipi marehemu atoe wimbo mpya. Siku ile sikuwa na jibu.

Marehemu Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946. Wazee wake walikuwa Maparsi wa India, na baba yake alikuwa mshika fedha wa mahakama. Alisomea shule ya bweni huko Panchgani, India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa zake walihamia Uingereza, na huko mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor kuanzisha Queen. John Deacon aliwafuata mwaka 1971.

Studioni hapakuwa na amani siku zote. Wote wanne walikuwa watungaji, na aliyeandikwa mtungaji ndiye aliyepata fedha zaidi. Basi wakawa wakigombania wimbo wa kuingizwa. Walipotengeneza The Miracle, iliyotoka 1989, walipatana kila wimbo uandikwe kwa jina la bendi. Walirekodi nyimbo kama 30, lakini santuri ilichukua 10 tu. Miongoni mwa zilizoachwa ni Face It Alone, ndiyo ile niliyoisikia kwa fundi.

Kumbe wakati huo alikwisha kupata maradhi ya UKIMWI. Mwezi wa Mei, 1991, katika studio ya Montreux, Uswisi, aliwahimiza wenzake wampe maneno ayaimbe, wao wamalizie baadaye. Aliimba Mother Love, akachoka kabla ya ubeti wa mwisho, wala hakuurudia. Alifariki London tarehe 24 Novemba, 1991, akiwa na miaka 45. Brian May aliuimba ubeti uliobaki, na wimbo ukatoka 1995 katika Made in Heaven.

Mimi naona nyimbo hizi mbili si sawa. Mother Love ni amana: mwenyewe aliikabidhi akijua mauti yako karibu, na wasia wa marehemu ni deni. Face It Alone iliachwa kando angali hai, ikabaki vipande vipande mpaka mafundi walipokuja kuviunga. Sauti ni tamu, sikatai, lakini ruhusa yake hatuwezi tena kuiomba.

Basi jibu langu kwa yule kijana ni hili: marehemu hatoi wimbo. Wanaotoa ni waliobaki nyuma, na wao ndio wa kuulizwa.