Hayati Nanji Kalidas Mehta: Kutoka Duka la Kamuli hadi Kiwanda cha Lugazi

Katika kuadhimisha siku hii adhimu ya hekalu letu, ni wajibu wetu kuwakumbuka wazee waliotutangulia katika nchi za Afrika Mashariki. Miongoni mwao ni Hayati Nanji Kalidas Mehta.

Mzee huyu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, Gujarat. Angali kijana mdogo alipanda jahazi akavuka Bahari ya Hindi, akaonja biashara huko Madagaska, na hatimaye akafika Uganda. Alifungua duka Kamuli, katika nchi ya Busoga, wakati ambapo reli kutoka Mombasa iliishia Kisumu na mizigo ikavushwa ziwani kwa meli.

Maduka ya siku zile yaliuza nguo, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na majembe. Mwenye duka alikuwa mgeni pande zote: mbele ya serikali ya kikoloni hakuwa na sauti, na mbele ya wenyeji hakuwa ndugu. Benki haikumkopesha asiye na rehani. Kilichomwinua ni mali kauli, yaani bidhaa alizopewa na mfanyabiashara mkubwa kwa ahadi ya mdomo, akalipa baada ya wakulima kuuza pamba. Msimu ukiharibika, deni lilibaki palepale, na dhamana yake ilikuwa jina la ukoo.

Kutoka dukani Mehta aliingia katika ununuzi na uchambuaji wa pamba, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi. Sehemu ya mali yake aliitoa kwa umma. Huko Porbandar alijenga shule ya wasichana, Arya Kanya Gurukul, pamoja na Kirti Mandir, kando ya nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi. Alifariki dunia mwaka 1969.

Miaka 3 baadaye Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Kiwanda cha Lugazi na maduka madogo yasiyohesabika vilichukuliwa. Baada ya utawala ule kuanguka, familia yake ilirejea na kukifufua kiwanda. Wenye maduka wengi hawakurejea kamwe.

Maisha haya yanatuachia funzo lenye uchungu ndani yake. Mali kauli iliwainua wazee wetu, lakini kwa kawaida ilizunguka baina ya jamaa na jamaa. Jirani Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mara nyingi hakuipata, na pengo hilo likazaa manung'uniko. Hivyo basi, sisi tuliokwisha kusimama tuwape vijana wanaoanza bidhaa kwa mkopo, tuwafundishe kuweka hesabu na tuwadhamini benki, wawe watoto wetu au watoto wa jirani. Duka dogo hulindwa na majirani wanaoona faida yake.