Wakili Aliyeigeukia Haki

Mwaka 1821, katika mahakama ya juu ya Jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakili kijana aitwaye Thaddeus Stevens alimtetea mwenye watumwa. Mwanamke mweusi, Charity Butler, alidai uhuru wake na wa watoto wake. Sheria ya jimbo hilo ilimweka huru mtumwa aliyeletwa humo akakaa miezi sita. Stevens alisema kuwa mama huyo alikuja na kuondoka, na kwamba vipindi vifupi haviwezi kujumlishwa. Akashinda, nao wakabaki watumwa.

Stevens hakuwa mwana wa tajiri. Alizaliwa Vermont mwaka 1792, akiwa na kilema cha mguu, akalelewa na mama yake katika ufukara. Huenda mtu wa asili hiyo angetarajiwa kuwahurumia wanyonge mapema zaidi. Lakini uongofu wake ulikuja baada ya kesi ile, nao haukurudi nyuma.

Alipokuwa mbunge wa jimbo, mwaka 1835 aliiokoa sheria ya shule za bure wenzake walipotaka kuifuta. Mwaka 1838 alikataa kutia sahihi katiba mpya ya Pennsylvania kwa kuwa iliwanyima watu weusi kura. Aliingia katika Bunge la Marekani mwaka 1849, akatoka mwaka 1853, akarejea mwaka 1859. Humo alipigania marekebisho ya katiba yaliyokomesha utumwa mwaka 1865, na yale yaliyowapa waliokuwa watumwa uraia mwaka 1868.

Hata hivyo, hakupata yote aliyoyataka. Mwaka 1867 alipendekeza mashamba ya mabwana wakubwa wa Kusini yagawanywe, kila familia iliyokombolewa ipate ekari 40. Alijua kuwa uhuru bila ardhi ni uhuru wenye njaa. Wenzake walikataa, na vizazi vya wakulima weusi vikaendelea kulima ardhi isiyo yao.

Alifariki tarehe 11 Agosti, 1868. Kwa hiari yake alizikwa Lancaster, katika makaburi madogo yasiyobagua rangi.

Wahenga walinena kuwa kufanya kosa si kosa, bali kosa ni kulirudia. Sifa za Stevens haziifuti hukumu ya 1821, wala hazipaswi kuifuta. Lakini aliyewahi kuitumia sheria kumfunga mnyonge, akatumia uhai uliosalia kuibadili sheria hiyo, anastahili kukumbukwa kwa yote mawili.