Robert Felkin: Daktari Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki ya mji wa Mbarara, wanaishi pamoja watu waliotoka Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia na kwingineko. Kila taifa limekuja na desturi zake za uzazi na za kuuguza. Askari au tabibu wa jeshi atakayewahudumia watu hao hana budi kuzielewa. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kusimulia habari za mgeni aliyejifunza somo hilo hapa Uganda zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Robert Felkin alizaliwa Uingereza mwaka 1853, akaanza kusomea udaktari mjini Edinburgh. Kabla ya kuhitimu, alifunga safari mwaka 1878 pamoja na wamisionari, wakafuata mto Nile kupitia Khartoum. Mwanzoni mwa 1879 aliwasili kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, akawa miongoni mwa waliomtibu.

Mwaka huo huo, mahali alipopaita Kahura, panapohesabiwa kuwa katika Bunyoro, alimwona mama kijana akipasuliwa ili mtoto atolewe. Mpasuaji alimlevya kwa pombe ya ndizi, kisha akanawa mikono na kuliosha tumbo kwa pombe ile ile na maji. Mama alifungwa kitandani kwa nguo ya gome la mti, na wasaidizi wakamshika. Kisu kilikata kwa haraka. Mishipa iliyovuja ikachomwa kidogo kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa hai. Jeraha lilifungwa kwa vyuma 7 vyembamba vilivyosuguliwa vizuri, likapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba.

Felkin hakucheka wala hakuingilia kati. Alichora alichokiona, akapima joto la mgonjwa na mapigo ya moyo. Siku ya 6 vyuma vya mwisho viliondolewa. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wazima.

Tukumbuke kwamba Ulaya ya wakati ule upasuaji huo uliua wanawake wengi, na madaktari walikuwa wangali wakibishana juu ya usafi wa mikono na vyombo. Mwaka 1884 Felkin aliwasomea habari hizo madaktari wa uzazi wa Edinburgh, nazo zikachapwa katika jarida la kitabibu. Alifariki mwaka 1926 huko New Zealand.

Hatusemi kwamba kila dawa ya kale ni njema. Mizizi ile ilitafunwa kinywani kwanza, jambo ambalo leo hatuwezi kulishauri. Mama aliyekwama katika uchungu apelekwe hospitali bila kuchelewa. Lakini mwenye kuamuru bila kuuliza hufichwa wagonjwa, na mgonjwa aliyefichwa hufa.

Liko jambo moja linalotuhuzunisha. Jina la mwanafunzi twalijua, bali la mwalimu hatulijui, kwa kuwa Felkin hakuliandika. Fundi yule wa Bunyoro, aliyeokoa roho mbili kwa siku moja, amebaki bila jina. Basi wenzetu mlio kazini Nakivale, mnapojifunza jambo kwa mkunga mzee wa kikimbizi, muulizeni pia jina lake, mkaliandike.