Ramana Maharshi

Ramana Maharshi (Tiruchuli, 30 Desemba 1879 – Tiruvannamalai, 14 Aprili 1950) alikuwa mwalimu wa kiroho wa Uhindu kutoka eneo la Watamil, kusini mwa Uhindi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Venkataraman.

Mwaka 1896, akiwa mwanafunzi wa miaka 16 mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kufa ingawa hakuwa mgonjwa. Badala ya kuita mtu alijilaza, akajikaza kama maiti na kujiuliza ni nini hasa kinachokufa. Aliona kwamba mwili ungechomwa moto, lakini ufahamu uliokuwa ukiutazama mwili huo haukuguswa. Wiki kadhaa baadaye alitoroka nyumbani, akafika kwenye mlima Arunachala tarehe 1 Septemba, asiondoke huko tena hadi kufa.

Aliishi hekaluni, kisha mapangoni, kwa muda mrefu bila kusema. Alifundisha kwamba nafsi ya kweli si mwili wala mawazo, bali ni ufahamu mtupu, na kwamba mtu huutambua kwa kujiuliza yeye ni nani. Swali hilo halitafutiwi jibu la maneno, jambo ambalo wengi hulikosea: kila wazo linapozuka, mtu huuliza limemzukia nani.

Mama yake, Alagammal, alimfuata akimsihi arudi, lakini alikataa. Mwishowe mama ndiye aliyehamia kwake. Alifariki mwaka 1922, na makao ya wanafunzi yakajengwa penye kaburi lake.

Ramana alifariki kwa kansa ya mkono, baada ya kupasuliwa mara nne.