Maria Theresa: Malkia aliyeaminiwa kwa lulu zake

MKAZI wa Nakuru akiuziwa riale ya fedha yenye mwaka 1780, asidhani ameshika sarafu ya mwaka huo. Huo ni mwaka aliofariki mwanamke ambaye sura yake imechapwa humo, Malkia Maria Theresa wa Austria.

Alizaliwa Vienna, Mei 13, 1717. Babake, Charles wa Sita, hakuacha mtoto wa kiume, na alipofariki mwaka 1740, binti huyo wa miaka 23 alirithi himaya. Majirani walimwona mnyonge. Mwaka huo huo Frederick wa Pili wa Prussia alivamia Silesia, na sehemu kubwa ya jimbo hilo haikurudi tena.

Hakukata tamaa. Aliimarisha jeshi, akawatoza kodi hata makabaila, na mwaka 1774 akaagiza watoto wa kiume na wa kike wasomeshwe. Ukingo wa riale yake una maneno ya Kilatini yanayotaja haki na huruma, ingawa Wayahudi wa Prague, alioamuru wafukuzwe mwaka 1744, hawakuonja lolote kati ya hayo.

Alizaa watoto 16. Mumewe, Francis, alipofariki mwaka 1765, alivaa nguo za msiba hadi mwisho wa maisha yake, Novemba 29, 1780. Shela ya ujane ndiyo inayoonekana kichwani mwake kwenye riale.

Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na Unguja walikuwa wameizoea sura hiyo, kwa hiyo viwanda viliendelea kuichapa bila kubadili mwaka. Katika karne ya 20 ilichapwa hata Rome, London na Bombay. Misafara ya pwani iliyopita Naivasha kuelekea Baringo ilinunua pembe za ndovu kwa shanga, nyaya na nguo, lakini huko pwani bei ilihesabiwa kwa riale. Mwaka 1888 Teleki, mpelelezi kutoka himaya hiyo hiyo, alilipa ziwa Turkana jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa ukoo wa malkia huyo.

Wazee wa biashara walihesabu lulu tisa za bizimu begani mwake. Zisipoonekana, waliikataa sarafu. Kipimo hicho kingali na maana. Riale halali ina uzito wa gramu 28 hivi na upana wa milimita 40 hivi. Iliyochakaa husagika kwanza sehemu zilizoinuka: nywele, shela na manyoya ya tai upande wa pili. Iliyochapwa vibaya huwa na sehemu ambazo hazikuinuka tangu mwanzo, ilhali pembeni mwake chapa ni kali. Maandishi ya ukingoni yakiwa kamili, sarafu haikupunguzwa. Isisuguliwe ili ing'ae, kwani kusugua hula chapa pamoja na thamani.

Hata hivyo, chapa safi si ushahidi wa umri. Vienna ingali inachapa riale hiyo, nayo ingali na mwaka 1780.