Samuel Coleridge-Taylor: Mtunzi aliyeuza kazi yake kwa gini 15

Mtunzi wa nyimbo wa Simbo, mkoani Kigoma, akiletewa fedha taslimu ili auze wimbo wake moja kwa moja, ana mambo mawili ya kupima: shida ya leo na mapato ya kesho. Samuel Coleridge-Taylor alifikishwa hapo mwaka 1898, jijini London.

Alizaliwa jijini humo Agosti 15, 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, naye alirejea Afrika Magharibi kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake Mwingereza, Alice Martin, alimlea Croydon, kusini mwa London, na babu mzaa mama akaanza kumfundisha fidla. Akiwa na miaka 15 aliingia Chuo cha Kifalme cha Muziki, kisha akahamia masomo ya utunzi chini ya Charles Stanford.

Mwaka 1895 chuoni hapo ilipigwa kazi ya Johannes Brahms, Mjerumani aliyekuwa kinara wa muziki wa Kiromantiki wa karne ya 19. Ilikuwa ya wapigaji watano tu: klarineti, fidla mbili, viola na selo. Muziki wa namna hii hauna kiongozi wa kusimama mbele, na anayekosea hana pa kujificha. Stanford aliwaambia wanafunzi kwamba baada ya Brahms hakuna atakayeandika kazi kama hiyo bila kumwiga. Coleridge-Taylor, kijana wa miaka 19, aliandika ya kwake, na mwaka huohuo ikapigwa chuoni. Stanford, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliipeleka Berlin kwa Joseph Joachim, mpiga fidla aliyekuwa rafiki wa Brahms.

Miaka mitatu baadaye ilikuja kazi ya kwaya na okestra kuhusu harusi ya Hiawatha, shujaa wa wenyeji asilia wa Marekani. Mchapishaji aliinunua kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, haki zote zikiwa ndani yake. Kwaya za Uingereza na Marekani ziliipenda mno, na nakala zikauzwa kwa mamia ya maelfu. Mtunzi hakupata mgawo wowote. Alijipatia riziki kwa kufundisha, kuongoza okestra na kuhukumu mashindano, huku akilea watoto wawili na mkewe Jessie.

Marekani ilimpokea kwa heshima. Mwaka 1904 Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Ikulu, na mwaka uliofuata Coleridge-Taylor akatoa nyimbo 24 za piano zilizotokana na nyimbo za Waafrika na Wamarekani weusi, zikiwamo za kusini mashariki mwa Afrika.

Alifariki Septemba 1, 1912 kwa nimonia, akiwa na miaka 37. Mfalme George wa Tano alimpa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Kisa hicho kilichangia kuundwa, mwaka 1914, kwa chama cha Uingereza cha kukusanya mirabaha ya watunzi. Kuanzia 1924 hadi 1939, Hiawatha ilijaza ukumbi wa Royal Albert Hall karibu kila mwaka.